Mkeka wa Shangazi

Nawategea, tegueni wenyewe: mgeni kaingia bila hodi, halipi kodi, mezani hali, na kila mwezi anamwaga damu ya mwenye nyumba. Ni nani huyo? Asiyejua na amuulize Losaline. Mgeni huyo alikaa tumboni mwake miaka, akanenepa hata watu wakawa wanampongeza kwa mimba isiyokuwepo. Na siku madaktari walipomtoa mgeni, nusura watoke na nyumba nzima.

Asubuhi hiyo Losaline alikuwa uani kwake, miguu kaikunja upande, anagonga magome ya kutengenezea ngatu, kitambaa cha sherehe. Pale kisiwani Tongatapu mwanamke mwenye hasira hatafutwi, husikika. Majirani walikuwa wakigonga kwa kupokezana, tu-tu, tu-tu, kama watu wanaosalimiana. Gongo la Losaline halikumngoja mwenzake. Jana kanisani alikuwa amesikia kwamba Kelepi karudi kutoka Australia alikokwenda kuchuma matunda. Karudi kuoa. Na anayemwoa ni Vika, binti wa Havili, na Havili ni kaka yake Losaline wa tumbo moja.

"Kelepi wangu," moyo ukasema.

"Kelepi wao," ulimi ukausahihisha.

Maana Kelepi alikuwa amemchumbia yeye. Alikwenda kuchuma matunda ili wapate cha kuanzia nyumba, naye Losaline akaingia hospitali kutolewa uvimbe ili ndani ya nyumba hiyo pawe na mtoto. Daktari wa kwanza alimwambia, "Tuondoe kizazi chote, mama, upumzike." Akakataa. Akasema toeni uvimbe, kizazi niachieni, kina mwenyewe. Akapasuliwa, akavuja damu mpaka waimbaji wa kwaya wakaitwa kumchangia, akafunguliwa mara ya pili. Alipozinduka aliulizia simu yake kabla ya maji. Kelepi hakuwa amepiga. Wala hakupiga tena.

"Hodi wenyewe!"

Walikuwa wanawake wawili. Wa kwanza Sela, mke wa Havili, mwenye uso wa kuomba radhi hata akiwa hajakosa. Wa pili Temaleti, mama yake Kelepi, kavaa mkeka wa heshima kiunoni, mpana kama mlango, na kapu la majani ya magimbi yaliyopikwa na tui. Temaleti hakuwa amekanyaga uani hapo tangu uchumba ulipokufa.

"Karibuni," Losaline akasema, gongo halijatua. "Kaeni kwenye hilo gogo. Mikeka yangu imelowa."

Mikeka ilikuwa nyuma yake, imekunjwa, mikavu kabisa. Wote watatu waliiona. Wageni wakakaa kwenye gogo.

"Wifi, tumekuja na shida," Sela akaanza.

"Shida zina miguu siku hizi? Zamani zilikuwa zinapita hapo nje bila kugeuza shingo."

"Usiseme hivyo, wifi. Unajua tangu dada yenu mkubwa afariki, Vika hana shangazi mwingine. Wewe ndiye fahu wake, mwenye cheo cha shangazi. Jumamosi upande wa mume wanaleta zawadi, na mkeka wa mbele ukiwa mtupu..."

"Ukiwa mtupu hakuna harusi. Najua, Sela. Nimezaliwa hapa hapa, sikuletwa na meli."

Temaleti akakohoa. "Si harusi tu, mwanangu. Wazee walisema shangazi akinuna, tumbo la mtoto wa kaka yake hufunga. Sisi watu wa kanisa, hatuamini sana. Lakini pia hatutaki kujaribu."

Losaline akacheka, kicheko kisicho na meno. "Kumbe! Yule uliyemwita mti mkavu ndiye mwenye ufunguo wa matumbo ya wenzake?"

"Mimi? Sikukuita."

"Uliniita, mama. Sokoni, mbele ya muuza viazi vikuu. Hata viazi vilisikia."

Ng'ambo ya ua, magongo ya majirani yalikuwa yamepunguza sauti. Mwenye masikio alikuwa anayatumia.

"Basi nisamehe," Temaleti akasema, na msamaha ukamtoka kama mfupa wa samaki. "Mimi ni mama, nina mwana mmoja. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mwanamke aliyetolewa kizazi..."

Gongo likabaki hewani.

"Aliyetolewa nini?"

Sela akamtazama Temaleti, Temaleti akalitazama kapu.

"Kizazi, wifi," Sela akanong'ona. "Si... si walikitoa?"

"Nani kasema?"

"Kaka yako ndiye aliyekuwepo hospitali siku ile. Alirudi analia. Akasema, Sela, dada yangu basi tena, wametoa. Nami sikumchimba, wajua mwenyewe mambo ya kaka na dada. Nikamwambia Mama Temaleti, ili tuombe pamoja."

"Na Mama Temaleti akampigia Kelepi simu, ili waombe pamoja."

Temaleti akalifunika kapu upya.

Hapo Losaline akakumbuka. Kuna muuguzi aliyemsimulia, alipopata nafuu, jinsi kaka yake alivyokimbia. Daktari alikuwa mgeni, kijana, hajui kwamba pale mwanamume haambiwi habari za mwili wa dada yake. Kaka na dada hata filamu ya kubusiana hawaitazami chumba kimoja, itakuwa kizazi? Daktari akamfuata Havili koridoni, akaanza: "Dada yako kavuja damu nyingi, ikabidi tufikirie kutoa kizazi..." Havili akaziba masikio, akatoka nje, akasimama mvuani. Maneno yaliyobaki, ya kwamba kizazi kimeokolewa, daktari aliuambia mlango uliokuwa bado unapepea.

Losaline alicheka siku ile mpaka mshono ukamuuma. Leo ndipo alipojua alikuwa anacheka nini.

Angeweza kuwaambia palepale. Alikuwa na la kusema, tena jipya. Maana baada ya upasuaji damu ya mwezi ilikatika. Makovu yalikuwa yameshikana ndani ya kizazi, ukuta kwa ukuta. Aliishi na jambo hilo peke yake, kila mwezi akingoja na kukosa. Kisha wakaja madaktari wa kupita kutoka ng'ambo, wakamwingizia kidude chembamba, wakayabandua makovu taratibu. Damu ikarudi. "Njia ipo," walimwambia, "nyembamba, lakini ipo. Mimba ikishika utazaa kwa kisu, usithubutu kusukuma, kovu lisije likapasuka." Hakumwambia mtu. Habari njema nayo inataka wa kuambiwa.

Akafunua kinywa, akamwona Temaleti anachungulia tumbo lake kama mtu anayechungulia nyumba iliyohamwa. Akafunga kinywa. Kisasi ni kama chakula cha tanuri la ardhini. Ukifukua mapema, utakula kibichi.

"Nitakuja Jumamosi," akasema. "Nitakaa kwenye mkeka wangu."

"Mungu akubariki!" Sela akaruka.

"Atanibariki. Kapu lenu chukueni, nimeshiba."

*

Kelepi alikuja jioni, jua bado liko juu ya minazi. Hakupiga hodi. Alisimama nje ya ua, kwenye magimbi, kama alivyokuwa akisimama enzi zile. Mabega yalikuwa yamepanuka, mikono imechanika kwa miiba ya bustani za watu. Macho yalikuwa yale yale, na hilo ndilo lililomuudhi Losaline. Alitaka macho yawe yamebadilika, ili amchukie kwa raha.

"Losa," akaita. Yeye tu ndiye aliyemwita hivyo.

"Shangazi," akamsahihisha. "Jumamosi nitakuwa shangazi yako. Anza kuzoea."

Kelepi akainamisha kichwa. "Mama kasema utakuja. Nilitaka kukuona kabla."

"Haya, umeniona. Nina pua mbili?"

"Losa, usinifanyie hivyo."

"Nisikufanyie nini? Nilikuwa nimelala, mirija puani, mirija mkononi. Kila simu ikilia wodini nainua shingo. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliniambia, dada, shingo hiyo itakatika, na wewe tayari umeshakatwa kwingine. Nikamwambia, huyu wangu yuko shambani, hapana mtandao. Nikakutetea, Kelepi! Nimetoka pale nakutetea. Nimekutetea mpaka watu wakaona haya kwa niaba yangu."

"Mama alinipigia. Akaniambia walivyokutoa... kila kitu. Na akasema wewe mwenyewe umesema hutaki kuniona tena, unaona aibu."

Losaline akalishika gongo lililokuwa mapajani, akalishika sana. Hilo la pili hakuwa akilijua.

"Na wewe ukakubali."

"Niliogopa. Nilidhani nikikuuliza nitakutonesha kidonda."

"Kidonda kilikuwa tumboni, Kelepi. Masikio yalikuwa mazima."

Upepo ukapita kwenye magimbi. Kelepi akapangusa uso kwa kiganja chenye sugu, Losaline akatazama pembeni, maana kiganja kile alikuwa anakijua, na kukijua kulikuwa bado kunamwasha ngozi.

"Ningekuoa hata bila kizazi," Kelepi akasema kwa sauti ndogo. "Jua hivyo. Tungelea mtoto wa ndugu, kama watu wote. Nilikuwa nikilisema mashambani, nikiwa peke yangu."

"Uliyaambia machungwa."

"Niliyaambia machungwa."

"Machungwa yakasemaje?"

Kelepi nusura acheke. Losaline naye nusura. Wakatazamana, na katika kutazamana kule kulikuwa na nyumba nzima, na jiko, na watu wawili wanaogombania mto wa kulalia. Kisha Losaline akakumbuka Vika.

"Na mtoto wa kaka yangu? Yeye umemwambia nini?"

"Nimechoka, Losa. Mama anaumwa moyo, anataka mjukuu. Alitaja jina, nikaitikia. Hata sikusikia vizuri ni nani."

"Kwenu ni ugonjwa, kutosikia vizuri." Akasimama, akakung'uta vipande vya magome kwenye sketi. "Ungeniuliza siku ile, ningekujibu nini?"

"Sijui."

"Basi hujui. Nenda nyumbani. Jumamosi njoo umevaa vizuri."

Kelepi alinyoosha mkono juu ya ua. Losaline hakuupokea, lakini pia hakuondoka haraka, na vidole vikagusana kidogo, kama watu wanaopishana mlangoni.

*

Jumamosi ua wa Havili ulifunikwa maturubai. Nguruwe walikuwa wamelala kwenye majani ya migomba, ngozi zinalia kwa kukauka. Watu wa Temaleti waliingia wamebeba ngatu ndefu, kila moja ikishikwa na watu wengi, na mikeka laini ya kurithi, wakaviweka mbele ya mkeka wa juu. Na juu ya mkeka huo, peke yake, mgongo wima, alikaa Losaline. Wazee wenye mvi walikaa chini kuliko yeye. Havili, mwenye nyumba, alikaa mbali pembezoni, kama inavyompasa kaka.

Vika alikuwa amekaa ubavuni mwa shangazi yake, kapakwa mafuta ya nazi mpaka anateleza.

"Shangazi," akanong'ona bila kufungua midomo, "ni kweli wewe ukinuna mimi sizai?"

"Unataka kuzaa na huyu?"

"Simjui hata. Mimi nilitaka kwenda kusomea uuguzi. Mama kasema nikikataa, moyo wa Mama Temaleti utasimama na nitakuwa nimeua."

"Moyo ule hausimami, mwanangu. Tulia."

Msemaji wa upande wa mume akapiga goti. Alikuwa mzee mwenye sauti ya kengele, na aliipenda sauti yake. Akasifu ukoo, akasifu nguruwe, kisha akafika palipotakiwa. "Fahu wetu mtukufu! Mali yote iliyoletwa hapa leo iko miguuni pako. Ndiyo desturi. Chagua upendacho, chukua, hatuna neno."

"Chochote kilicholetwa?" Losaline akauliza.

"Chochote."

"Rudia, baba. Kule nyuma hawajasikia."

"Chochote kilicholetwa leo!" mzee akanguruma, watu wakapiga makofi.

"Ahsante. Lakini kabla sijachagua nina neno la kike. Kaka zangu wote, tokeni nje."

Watu wakaguna. Havili akainuka upesi, shingo imemwiva, na nyuma yake wakainuka binamu, na watoto wa mama wadogo, na watoto wa baba wadogo, maana wote hao ni kaka. Bakuli la kava, kinywaji cha heshima, likabaki bila wa kulikoroga. Upande wa mke ukabaki wanawake watupu. Havili akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa makuti, kaupa mgongo.

Losaline akamgeukia Temaleti. Hakupaza sauti. "Mama, ulieneza kwamba nimetolewa kizazi."

Shanga za mtu zilisikika zikigongana.

"Walitoa uvimbe. Kizazi kipo. Kilichanwa, kikashonwa, kikagandana, kikabanduliwa. Nimekilipia kwa damu ya kwaya nzima. Daktari hakuniahidi mtoto. Lakini hakusema sitazaa. Mwaka mzima mmenizika nikiwa natembea, na aliyewaletea habari alisikia nusu ya sentensi, nusu ya pili ikabaki na mlango."

Nyuma ya makuti mtu akalia, kilio cha mwanamume asiyezoea.

"Dada," sauti ya Havili ikaja, mgongo haujageuka. "Sikujua. Nilikimbia kwa heshima."

"Najua, kaka. Heshima yako nusura initie kaburini. Nyamaza sasa, sijamaliza."

Temaleti akajitutumua. "Hata hivyo! Huna uhakika wa kuzaa!"

"Sina. Na wewe huna uhakika wa kuiona Jumatatu, ila umenunua samaki wa wiki nzima." Bibi vizee wakaziba midomo. "Niambie lingine. Nilikutuma lini kwa Kelepi? Nilisema lini kwamba sitaki kumwona?"

Kelepi, aliyekuwa amekaa kati ya wajomba zake kama mzigo ulioletwa pamoja na mizigo, akainua uso. "Mama?"

Temaleti akauchezea mkeka wa kiunoni, akichomoa nyuzi.

"Mama. Alisema, au hakusema?"

"Nilitaka mjukuu," Temaleti akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana mfupi. "Nilijua akikwambia mwenyewe, ungerudi kwake."

Kelepi akafumba macho. Hakuna aliyemsogelea.

"Basi nachagua," Losaline akasema. "Ngatu sitaki, ninagonga zangu. Mikeka mrudi nayo. Nguruwe kuleni, msiache mafuta yakaganda. Mimi nachukua bwana harusi."

Maturubai yalitaka kupaa. Sela akapiga kelele, wajomba wakasimama, bibi mmoja akacheka mpaka akaegemea mwenzake. Msemaji akahangaika na fimbo yake. "Fahu! Mtu si mali!"

"Ameletwa leo au hakuletwa?"

"Ameletwa, lakini..."

"Ulisema chochote, au sikusikia vizuri? Hapa wapo watu wenye ugonjwa huo."

Mzee akatazama juu, akatazama chini, akamtazama Temaleti, kisha akakaa. "Nimesema," akakiri. "Tena kwa nguvu."

Vika akashusha pumzi ndefu hata shada la shingoni likakatika. Akambusu shangazi yake shavuni, akamwachia mafuta, akakimbilia ndani kuvua.

Kelepi akaja akipita katikati ya mikeka, akapiga magoti mbele ya Losaline, machozi hayafichiki. "Twende, Losa."

"Twende wapi?"

"Si umenichukua?"

"Nimekuchukua. Sikusema nakuoa." Akageuka. "Mama Temaleti, rudi naye nyumbani, umlishe vizuri. Mali ya shangazi haiozwi kwingine, hilo unalijua, nawe ni mtu wa kanisa na desturi. Siku nikimtaka, nitamwita."

Temaleti alitaka mjukuu, sasa mwana wake alikuwa amefungiwa, na ufunguo uko kwa mwanamke aliyemkalisha kwenye gogo.

Losaline akainuka. Moyo, siwafichi, ulikuwa unamwambia kaa, mshike, mwanamume huyu ni wako. Akaunyamazisha. Alipita karibu na Kelepi kiasi kwamba harufu ya mafuta ya nazi ikabaki kwenye shati lake.

"Losa!" akaita, bado yuko magotini. "Nitangoja. Lakini niambie tu, mpaka lini?"

Losaline akasimama, hakugeuka.

"Mimi pia sikuambiwa," akasema, akatoka juani.